UZI: Chief Adam Sapi Mkwawa, Spika aliyetajwa kila sentensi lakini sauti yake hakuna anayeikumbuka

MnyalukoloHalisi

Kamweneee wanajamvi.

Jumapili nilipeleka wageni Kalenga, ndugu wa mke wangu wametoka Morogoro walikuwa wanataka kuona fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe. Si mnajua mgeni akija Iringa ratiba ni ileile, Gangilonga, Isimila, Kalenga, af unamrudisha mjini anakula unamsindikiza Ipogolo apande basi. Basi tumeingia makumbusho wameangalia fuvu, wameuliza maswali mpaka nikaishiwa, Mjerumani alipigwa vipi pale Lugalo, kamanda wao Zelewski alikufaje, kwanini Mkwawa alijimaliza mwenyewe kule Mlambalasi, yote nimejibu maana haya tumekua nayo. Tukatoka nje kwenye makaburi nikawaambia na huyu hapa ndo Chief Adam Sapi, mjukuu. Shemeji yangu akaniuliza, "Na huyo alipigana na nani?"

Nikabaki namwangalia tu.

Hilo swali sijalala nalo vizuri. Jibu fupi ni kwamba hakupigana na mtu, ndo maana hamna mgeni anayemuulizia. Lakini mtu huyu amekaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge la nchi hii kuanzia 1962 mpaka 1994 ukitoa miaka miwili hivi katikati, yaani Nyerere kaja kaondoka, Mwinyi kaja karibu anaondoka, chama kimoja kimekuja kimeondoka, yeye yupo tu na joho lake. Hakuna mwanasiasa wa kizazi kile aliyedumu kwenye kiti kimoja hivyo. Na bado hapa hapa Iringa ukiuliza vijana Miyomboni watakwambia ni jina la barabara au shule.

Naomba nimuelezee kwa nnavyomjua, wenye data mtaongezea. Uzi utakuwa mrefu, chukua chai.

Fundi Redio

Nipo siti ya mbele mkuu, shusha.

MnyalukoloHalisi

Tuanze na babu yake kwa kifupi maana hiyo wote tunaijua. Mkwawa alimpiga Mjerumani Lugalo Agosti 1891, ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, akaishi porini miaka minne akiwindwa mpaka Julai 1898 akajipiga risasi. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Vita Kuu ya kwanza ilipoisha, kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kifungu cha 246 wakaandika kabisa kwamba Mjerumani arudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Miezi sita walipewa, ikaja kuwa miaka thelathini na tano!

Sasa mtoto wa Mkwawa ni Sapi, Waingereza ndo walimrudisha kwenye uchifu miaka ya 20 walipoleta utawala wao wa kupitia machifu. Mwaka 1940 wakamtoa, wakamuweka mwanawe Adam. Adam kazaliwa 1920. Piga hesabu, miaka 20. Miaka 20 wewe na mimi tulikuwa tunafanya nini? Mi nilikuwa nasukuma toroli ya nyanya sokoni. Yeye anakalishwa kwenye kiti cha ukoo ambacho baba yake ametolewa na bado yupo hai, anamwangalia.

Mi naamini hapo ndipo alipojifunza siasa yake yote. Kiti alichopewa na watu ambao walimwonyesha wazi kwamba wanaweza kukichukua.

Bint wa Mafinga

Hiyo aya ya mwisho imenigusa. Ila mleta mada usimtetee sana, alikuwa chifu wa Mwingereza. Sema ukweli.

MnyalukoloHalisi

@Bint wa Mafinga sijakataa dada. Machifu wote wa enzi zile walikuwa wanalipwa na serikali ya mkoloni, wanakusanya kodi, wanasimamia mahakama za wenyeji, wanahimiza watu walime matuta. Mwishoni mwa miaka ya 40 wakamwingiza kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kabla yake walianza Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Mangi Abdiel Shangali wa Machame mwaka 1945. Walikuwa wawili watatu kati ya wazungu na wahindi, hata wakikohoa hakuna anayegeuka.

Alafu ikaja 1954. Gavana Twining alienda mwenyewe Ujerumani, makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu rundo, akachagua kwa kupima, akilinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 akalileta Kalenga, Chief Adam Sapi akalipokea mbele ya Wahehe kibao. Babu yangu mzaa mama alikuwepo, alikuwa karani wa baraza, alikuwa anatuhadithia kwamba watu walilia hasa wazee, kuna mzee alikuwa hajakanyaga barazani toka Sapi atolewe na siku hiyo akaja.

Sasa angalia hiyo tarehe. 19 Juni. TANU imezaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, mwaka huohuo. Siku 18! Gavana anarudisha fuvu ili machifu na watu wao wakae upande wake, na kabla maua hayajakauka pale Kalenga, Nyerere na wenzake wanaanzisha chama kitakachomtoa gavana na machifu wote kwa pamoja.

NjombeBaridi

Duh hiyo ya siku 18 sikuwahi kuifikiria kabisa. Shule tulisoma hizo tarehe mbili kwenye mada mbili tofauti.

Kabwe Stendi

Wahehe mkianza hamuishi. Nyie kila kitu fuvu fuvu. Mbona hapa Mbeya tulikuwa na watu wanaongea Bungeni, sio wanaosema "order order" tu. Mtaje John Mwakangale.

MnyalukoloHalisi

Mtaje wewe mkuu, uzi ni wa nyanda za juu wote. Ugonile.

Kabwe Stendi

Ndaga. Sikiliza sasa.

John Mwakangale alikuwa TANU wa moto kweli huku kwetu, akaingia Bungeni. Ikifika Januari 1962 Mandela katoroka Afrika Kusini, hana pasipoti, katua Mbeya. Mwezi mmoja tu na kitu toka tupate uhuru. Mandela mwenyewe ameandika, kwamba alifika hotelini Mbeya akakuta weusi na weupe wamekaa barazani wanapiga stori pamoja, kitu ambacho hajawahi kuona maishani mwake. Walikuwa wanamsubiri Mwakangale, kumbe Mwakangale alishapita kuwaulizia na mapokezi wakakaa kimya, basi Mwafrika mmoja mgeni wa pale akaenda kumsema yule mama wa kizungu wa mapokezi, kwa adabu lakini kwa mkazo, kwamba hawa ni wageni wetu wahudumiwe vizuri. Mandela anasema pale ndo alijua yuko nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mtu huru.

MBEYA. Sio Dar, sio Addis Ababa. Mbeya hii ya Mwanjelwa na Soweto. Sasa niambie, mtu kama Mwakangale na Spika wako anayekaa kimya, nani alijenga nchi?

Mzee wa Ulanzi

Aliyejenga nchi ni yule mgeni aliyemsema mama wa mapokezi na jina lake hatulijui.

Bint wa Mafinga

@Mzee wa Ulanzi umeua.

MnyalukoloHalisi

Kabwe nimekuelewa na hiyo stori naipenda kuliko ya fuvu, nakwambia ukweli. Ila ngoja nikuonyeshe kwanini huyu mkimya ananisumbua.

Kabla yake Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa familia hiyohiyo yenye ukumbi wa Karimjee ambako Bunge lilikuwa linakaa. Novemba 1962 Adam Sapi akachaguliwa Spika, Mwafrika wa kwanza. Wiki mbili baadae, 9 Desemba, nchi ikawa Jamhuri. Na 1963 ukaletwa muswada wa kufuta uchifu nchi nzima.

Ukaletwa wapi? Kwenye Bunge lake.

Kuna wanasiasa wamefukuzwa, wamepinduliwa, wameuzwa na rafiki zao. Mi sijui mwingine aliyekaa kwenye kiti cha juu cha nyumba ambayo imepitisha sheria ya kufuta kiti cha ukoo wake, kiti ambacho babu yake alikifia, na yeye kazi yake ni kuhakikisha tu kwamba utaratibu unafuatwa. Wanaoafiki waseme ndiyo. Mimi kila nikipita Kalenga hilo ndo nawaza.

Fundi Redio

Mkuu hiyo ni kali. Kwahiyo hakupinga?

MnyalukoloHalisi

Spika hachangii mada bana. Hiyo ndo kazi yenyewe. Na hapo ndo ninapomwona mjanja kuliko tunavyodhani.

Waangalie machifu wenzake. Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachagga, alikuwa mkubwa kweli, ana wimbo wake na bendera, 1960 Wachagga wenyewe wakapiga kura wakataka rais sio Mangi Mkuu, akaondoka. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe akawa Waziri wa Sheria serikali ya kwanza, alikuwa na mdomo na msimamo, 1963 akajiuzulu, tumekuja kumsikia tena kwenye siasa za vyama vingi miaka ya 90 na chama chake cha UMD, mzee kabisa. Wote hawa walikuwa wasomi na hodari wa kuongea. Sapi kachagua kiti ambacho ukiongea umeharibu.

Chifu kazi yake kubwa ilikuwa nini? Kukaa barazani kusikiliza watu wanagombania ng'ombe na mipaka mpaka wachoke, halafu aseme neno moja. Alifanya hiyo miaka 22. Akahamia Karimjee akaendelea na kazi ileile kwa mshahara mwingine.

Mwalimu Mstaafu 77

Vijana habari za jioni. Nimesoma kwa utulivu. Niongeze jambo moja kutoka kwenye kumbukumbu yangu mwenyewe. Sisi tulikuwa tunasikiliza Bunge kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Kila mbunge akisimama, "Mheshimiwa Spika, naomba kuunga mkono hoja. Mheshimiwa Spika, jimboni kwangu hakuna maji. Mheshimiwa Spika, zahanati." Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Spika, mchana kutwa. Nilikuwa nafundisha darasa la nne wilaya ya Mufindi na watoto walikuwa wanaigiza Bunge wakati wa mapumziko, mmoja anakalishwa juu ya jiwe anaitwa Spika, wengine wanamhutubia. Nikagundua kwamba yule wa juu ya jiwe kila siku walikuwa wanamchagua mtoto mpole ambaye hataki ugomvi. Hakuna aliyewafundisha.

Kwa hiyo alikuwa ndiye mtu anayetajwa kuliko wote katika nchi hii baada ya Mwalimu Nyerere, na mimi mpaka leo ukiniwekea sauti kumi siwezi kukuchagulia ya kwake.

MnyalukoloHalisi

Mwalimu shikamoo. Umeniandikia kichwa cha habari, naomba nikibadilishe uzi ukae hivyo.

NjombeBaridi

Mi naona mnampamba. Bunge la chama kimoja lilikuwa muhuri tu. Maamuzi yanafanyika Halmashauri Kuu ya TANU, Bunge linagonga meza. Kudumu miaka 30 kwenye Bunge ambalo halina meno sio ujanja, ni kutulia tu. Hata mi ningedumu.

Kabwe Stendi

NjombeBaridi kaongea. Oktoba 1968 je? TANU ilifukuza wabunge kwa mpigo na ubunge ukaisha hapohapo. Tena angalia nani waliliwa, Anangisye wa Rungwe, Mwakitwange wa huku kwetu, Chogga wa Iringa Kusini, Kibuga wa Mufindi. Oscar Kambona nae kwenye orodha hiyohiyo ila yeye alishakimbilia London mwaka mmoja nyuma. Jumla tisa, wanne wa nyanda za juu kusini! Chief yuko kwenye kiti, watu wa nyumbani kwake wanatolewa ukumbini. Alisema nini?

MnyalukoloHalisi

Hapa nakubali mmenibana kidogo.

Kwa sheria hakuwa na la kufanya. Katiba ya muda ya 1965 ilishafanya nchi ya chama kimoja, ukipoteza uanachama umepoteza kiti, Spika anapewa taarifa tu. Na hao jamaa kosa lao hasa lilikuwa kuhoji, walikuwa wanasema Bunge ndo linatakiwa kuwa juu sio chama. Yaani walikuwa wanatetea nyumba ya Chief kuliko Chief mwenyewe alivyoweza kuitetea. Hilo linauma na sina jibu lake zuri.

Ila NjombeBaridi usiseme kutulia ni rahisi. Kipindi kile watu walikuwa wanatumbuliwa kwa neno moja la mkutanoni. Mawaziri waliangushwa kwenye uchaguzi wa 1965, ule wa wagombea wenye alama za jembe na nyumba, watu wazima kabisa wameangushwa na mtu ambaye hana hata baiskeli. Mkoani kwetu hapa Iringa, Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa Dr Wilbert Klerruu kauawa kwa risasi kule Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi kwenye ugomvi wa shamba wakati wa ujamaa. Daktari wa falsafa, kasoma Marekani, kada anayeaminika, anapelekwa mjini maiti kwenye gari lake mwenyewe, aliyeendesha ni yuleyule aliyempiga risasi. Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa imewaka. Kukaa katikati ya huo moto miaka 30 bila kuungua na bila kumuunguza mtu, mi bado naita kazi.

Bint wa Mafinga

Bila kumuunguza mtu na bila kumwokoa mtu. Malizia sentensi.

MnyalukoloHalisi

Sawa dada. Na bila kumwokoa mtu.

Mzee wa Ulanzi

Ile miaka miwili ya katikati ambayo hakuwa Spika alikuwa wapi?

MnyalukoloHalisi

1973 aliondoka, kiti akakaa Erasto Mang'enya, 1975 karudi. Twende mbele maana sehemu tamu iko mwishoni na hii watu hawaisemi.

1992 vyama vingi vimeruhusiwa kisheria, Bunge lenyewe bado la CCM watupu lakini watu washaanza kunyoosha shingo. Zanzibar imejiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, kimyakimya, Bara wamekasirika. Agosti 1993 wabunge 55, ndo hao G55, wanaleta hoja kwamba Tanganyika iwe na serikali yake ndani ya Muungano. Nani kaiwasilisha? Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, Chunya! Haya Kabwe Stendi furahi.

Kabwe Stendi

CHUNYAAA. Dhahabu na maneno.

MnyalukoloHalisi

Sasa fikiria hiyo picha. Aliyesimama kutoa hoja ni mtu wa Chunya. Katibu Mkuu wa CCM ambaye jasho linamtoka ni Horace Kolimba, mtu wa Ludewa. Na kwenye kiti cha Spika kuna mtu wa Kalenga. Muungano wa Tanzania siku ile ulikuwa mikononi mwa nyanda za juu kusini, utadhani kikao cha harusi Makambako.

Na hoja ikapita. Bunge likakubali! Bunge mlilosema halina meno, limeuma jambo ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa hataki hata kulisikia. Mwalimu akaja juu akaandika kitabu kizima kuwasema viongozi, chama kikarudi nyuma, Agosti 1994 Bunge likageuza uamuzi wake, na Desemba hiyo Malecela akapoteza uwaziri mkuu na Kolimba ukatibu mkuu.

Chief alishaondoka Aprili 1994, Pius Msekwa kapokea kiti. Kwahiyo hoja nzito kuliko zote katika miaka yake 30 ilipita mikononi mwake, na ilipofika zamu ya kuirudisha chini hakuwepo. Wenzake wote walioigusa ile hoja waliungua, yeye alikuwa ameshashuka kwenye gari kituo kimoja kabla.

NjombeBaridi, Spika angetaka kuua ile hoja kwa kanuni angeshindwa? Kanuni zina vichochoro kibao. Hakuiua. Aliacha watu waongee.

NjombeBaridi

Hapo nimekaa chini. Sijakubali ila nimekaa chini.

Mwalimu Mstaafu 77

Alifariki Juni 1999. Mwaka uleule Oktoba akafuata Mwalimu Nyerere. Ile ya Oktoba imefunika ya Juni kabisa, hata mimi imenibidi nifikirie kidogo kabla ya kuandika mwezi.

Fundi Redio

Na uchifu je? Si ulifutwa 1963, mbona 2015 niliona wamesimika tena chifu, dogo bado mwanafunzi?

MnyalukoloHalisi

Ni wa kimila sasa, hauna mahakama wala kodi. Alivyofariki mtoto wa Chief Adam ukoo ukamsimika mjukuu akiwa kijana mdogo. Unaona kilichotokea lakini? Sheria ya 1963 ilifuta kiti serikalini, pale Kalenga hakuna mtu aliyekihamisha. Watu walikaa nacho kimya zaidi ya miaka hamsini. Wamejifunza kwa nani sijui.

Naona muda umeenda na simu ina asilimia tisa. Ila nilimtumia shemeji linki ya huu uzi saa ile ya mchana, yule aliyeuliza alipigana na nani. Amesoma wote, mpaka mabishano yenu. Amenijibu sasa hivi meseji moja:

"Nimeelewa shem. Miaka 30 anasikiliza hotuba za wabunge, huyo alipigana na usingizi."